Mtungi usiopimwa usijazwe gesi

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itawezekana usiikate sana maana hili jambo ukilisema nusu watu wanaelewa kitu kingine kabisa. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mifumo ya gesi asilia kwenye magari, na swali ninaloulizwa karibu kila siku ni moja tu, nitaokoa kiasi gani kwa mwezi. Basi. Hakuna anayeuliza mtungi umetengenezwa mwaka gani, umetoka wapi, umepimwa lini na utapimwa tena lini. Hata habari zinazoandikwa kuhusu magari ya gesi nyingi zinaishia hapo hapo kwenye unafuu na foleni za vituoni. Sasa mimi nina jambo moja la kusema, kituo cha gesi kisimjazie mtu yeyote ambaye mtungi wake haujapimwa au muda wake umepita, awe nani, awe na haraka gani, na hiyo iwe sheria inayosimamiwa pale pale kwenye pampu.

Kabla mtu hajasema huyu fundi anatisha watu, niseme wazi kwamba gesi naiamini na ndiyo inayonilisha. Gesi asilia sehemu yake kubwa ni methani, na kilo moja ina nishati karibu sawa na lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo mtungi wa lita 60 ambao ukijaa unabeba kilo 9 au 10 hivi ni kama una lita 14 au 15 za petroli ndani ya buti. Oktani yake, yaani kipimo cha mafuta kuvumilia mgandamizo bila kujiwakia ovyo, inapita 120 wakati petroli ya kawaida iko 90 na kitu, ndio maana injini haigongi hata ukiibana mlimani. Inaungua bila masizi, oili inakaa safi kwa muda mrefu, na hewa ya kaboni inayotoka kwenye bomba la moshi inapungua kama asilimia 20 ukilinganisha na petroli. Kule India Mahakama ya Juu ndiyo iliyolazimisha mabasi yote ya Delhi yahamie kwenye gesi, amri ilitoka Julai 1998 ikataka ifikapo Machi 2001 yawe yamehama, muda ukasogezwa ukasogezwa tena, madereva wakalala kwenye foleni, lakini kufikia mwisho wa 2002 mabasi ya dizeli ya mjini yalikuwa yametoka barabarani. Walifanya vile kwa sababu ya mapafu ya watu, moshi wa dizeli ulikuwa umezidi. Kwa hiyo siongei kama mtu anayepinga, naongea kama mtu anayetaka kitu hiki kizuri kisije kuharibiwa jina na uzembe wa wachache.

Kuna wanaosema gari la gesi ni bomu linalotembea. Nawaelewa lakini wanaogopa kitu ambacho sicho. Methani ni nyepesi, uzito wake ni kama nusu tu ya uzito wa hewa, ikivuja mahali pa wazi inapanda juu na kutawanyika, wakati petroli ikimwagika inatuama chini na mvuke wake mzito unatambaa ukitafuta pa kuwakia. Halafu methani haiwaki hovyo, lazima kwenye hewa iwepo kati ya asilimia 5 na 15, ikiwa chini ya hapo haiwaki na ikizidi hapo haiwaki. Na ili iwake yenyewe bila cheche inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 500, petroli inawaka kwa joto lisilofika hata 300. Kwa asili haina harufu kabisa, ile harufu mbaya unayoisikia ni dawa inayowekwa makusudi ili uvujaji ugundulike mapema. Cha kuangalia ni sehemu iliyofungwa tu, gereji isiyo na matundu juu, maana hapo gesi inajikusanya darini haina pa kwenda. Ukiwa na gereji ya gesi toboa juu, sio chini kama wengi wanavyofanya.

Kinachotakiwa kuheshimiwa ni presha. Gesi ni nyepesi mno, ukitaka kubeba ya kutosha safari lazima uishindilie, na nchi nyingi zinashindilia mpaka bar 200, Marekani wanakwenda 250 hivi. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo, na sote tunajua tairi likipasuka linavyofanya, sasa zidisha mara mia. Kila eneo dogo la ndani ya mtungi, tuseme ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, linasukumwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, usiku na mchana, gari likitembea au likiwa limelala. Halafu kila ukijaza mtungi unatanuka kidogo sana ambacho jicho halioni, ukitumia gesi unarudi, ukijaza unatanuka, unarudi, miaka na miaka. Chuma kinachoka jamani. Ndio maana kuna kiwango cha kimataifa cha mitungi hii, ISO 11439, kinachosema maisha ya mtungi yasizidi miaka 20, na tarehe ya mwisho inaandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ikishapita hiyo tarehe hakuna kupaka rangi, hakuna kuongeza muda, hakuna bado unaonekana mzima.

Mitungi yenyewe iko ya aina nne. Kuna wa chuma kitupu ambao ndio unaoonekana sana kwa sababu ni wa bei nafuu kuliko mingine, ila ni mzito, wa lita 60 unaweza kufika kilo 60 ukiwa mtupu, kwa hiyo ukiufunga na spring za nyuma zile zile usishangae gari likikaa. Kuna wa chuma au aluminiamu uliozungushiwa katikati nyuzi imara za kioo au kaboni, kuna wa aluminiamu uliozungushiwa nyuzi mwili mzima, na kuna ule ambao ndani ni plastiki na nje ni nyuzi za kaboni, mwepesi kuliko yote na ghali kuliko yote. Kila mmoja una ugonjwa wake. Wa chuma adui yake ni kutu, tena kutu ya mahali ambapo huoni, chini ya mkanda unaoushikilia, kwenye raba iliyoshika maji, na hata ndani kama gesi iliyojazwa ilikuwa na unyevu au kompresa, ile mashine ya kituoni inayoshindilia gesi, ilitupa oili. Wa nyuzi adui yake ni mkwaruzo, jiwe lililorushwa na tairi, asidi ya betri iliyomwagika, jua kali la miaka. Mtungi wa nyuzi unaweza kugongwa ukaonekana una mchubuko mdogo tu kumbe nyuzi za ndani zimekatika. Kwa hiyo mtu anayekwambia mimi nimeutazama uko poa, muulize umeutazama kwa kutumia nini.

Hapa nataka niwe mkali kidogo. Mitungi ya CNG, yaani hii gesi asilia iliyoshindiliwa, na mitungi ya LPG sio kitu kimoja. LPG ni propani na butani, ile gesi ya jikoni, ikibanwa kidogo tu inageuka kimiminika, kwa hiyo mtungi wake umetengenezwa kubeba presha ndogo, kawaida haizidi bar 10 na kitu. Ukiuchukua huo ukaujaza gesi asilia ya bar 200 umetengeneza bomu kweli, hapo sibishani na mtu. Sehemu kadhaa duniani watu wamekufa kwa sababu fundi alimuwekea mteja mtungi wa aina hiyo ili apunguze gharama, au silinda ya kiwandani iliyokuwa ya gesi nyingine kabisa, ikapakwa rangi ikafungwa kwenye buti. Na mwingine anachomelea. Anataka bracket ikae vizuri anaweka welding moja kwa moja kwenye mwili wa mtungi! Chuma cha mtungi kimepikwa kiwandani kwa joto maalum ili kiwe na nguvu ile, ukikipitisha moto wa welding pale mahali panakuwa dhaifu milele. Mtungi uliochomelewa, mtungi uliopitia moto wa gari kuungua, hiyo ni ya kutupa, na ukisema kutupa maana yake kutobolewa au kukatwa kabisa ili isije ikarudi sokoni.

Kupima mtungi sio siri wala uchawi, na nadhani watu wakijua kinachofanyika wataacha kuona ni usumbufu. Kwanza unatolewa kwenye gari, ndio, unatolewa, huwezi kupima mtungi ukiwa umefungwa. Unatazamwa nje yote, mikanda ilipokaa, shingo, kitako, namba zake zinasomwa. Unamulikwa ndani. Halafu unajazwa maji, yakishajaa yanasukumwa mpaka presha iwe mara moja na nusu ya ile ya kazi, kwa hiyo mtungi wa bar 200 unasukumwa mpaka bar 300, na wapimaji wanaangalia umetanuka kiasi gani na ukiachiwa umerudi kiasi gani. Usiporudi vizuri umechoka. Watu huniuliza kwa nini maji na sio hewa. Kwa sababu maji hayashindiliki, mtungi ukishindwa kwenye kipimo unapasuka na kumwaga maji chini, lakini ukiwa na hewa ya bar 300 ukipasuka unaondoka na jengo. Baada ya hapo unakaushwa vizuri sana, tarehe inapigwa, unarudi kwenye gari. Nchi nyingine zinataka hili kila baada ya miaka 3, nyingine miaka 5, na katikati hapo kunakuwa na ukaguzi wa kawaida wa mwaka kwa mfumo mzima.

Nisisahau valvu. Juu ya mtungi kuna valvu ambayo ndani yake kuna vitu vitatu muhimu, kuna swichi ya umeme inayofunga gesi injini ikizima, kuna koki ya kufunga kwa mkono, na kuna kinga ya moto ambayo ni kizibo cha madini laini kinachoyeyuka joto likifika kama nyuzi 110 hivi. Gari likishika moto kile kizibo kinayeyuka, gesi inatoka kwa utaratibu kupitia bomba lake kwenda nje, inaungua kama mwenge kwa dakika chache lakini mtungi haupasuki. Ni kitu kidogo sana kinachookoa maisha ya watu na nimeshakuta magari ambayo kimezibwa! Kimezibwa kwa sababu kilikuwa kinavuja na mtu hakutaka kununua kingine. Au lile bomba la kutolea nje ya buti halipo, gesi ikitoka inatokea ndani walipokaa watoto. Hivi vyote dereva haoni. Yeye anaona taa ya kijani kwenye swichi anajua yuko kwenye gesi, roho yake imetulia.

Sasa nani anaangalia? Ndio hoja yangu ilipo. Fundi aliyefunga akishalipwa anaweza asikuone tena. Askari wa barabarani hawezi kuinua zulia la buti ya kila gari. Ofisi za serikali zinatoa vyeti lakini cheti kinakaa kwenye droo nyumbani. Bima wanakuja mwaka mara moja, wengine wanafanyia kwenye simu. Lakini kuna mahali pamoja ambapo kila gari la gesi lazima lipite, halina ujanja, tena mara nyingi kwa wiki, napo ni kwenye pampu. Huwezi kujaza gesi ya bar 200 nyumbani kwa dumu. Petroli unaweza kuuziwa kwenye chupa na mtu yeyote, gesi hapana, inahitaji kompresa kubwa na mashine ya kujazia. Hiyo ni nafasi ambayo mafuta mengine hayana na tunaiacha ipite bure.

Argentina wameitumia. Wale walianza mpango wa magari ya gesi mwaka 1984, na leo wana zaidi ya milioni moja na nusu. Kule gari la gesi lazima liwe na stika kwenye kioo cha mbele inayobadilishwa kila mwaka baada ya ukaguzi, na mhudumu wa kituo haruhusiwi kuunganisha bomba kwenye gari lisilo na stika hai. Haruhusiwi. Mtungi wenyewe unapimwa kila miaka 5, na ukishindwa hauruhusiwi kurudi barabarani. Kuna mamlaka ya serikali inayosimamia mnyororo wote kuanzia anayetengeneza mtungi, anayefunga, anayepima mpaka anayejaza. Hilo sio jambo la nchi tajiri sana, Argentina uchumi wao umeyumba mara nyingi tu na bado stika imebaki. Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani.

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza, foleni zitakuwa ndefu zaidi. Si kweli, kuangalia stika kwenye kioo ni sekunde chache, foleni inaletwa na kitu kingine, inaletwa na kompresa ndogo kwa magari mengi, na umeme ukikatika kompresa inasimama. Tena ngoja niseme hapa maana watu wanalalamika sana wameibiwa. Gesi ikijazwa kwa haraka inapata joto ndani ya mtungi, na ikiwa na joto inatanuka, kwa hiyo geji inaonyesha 200 lakini uzito ulioingia ni mdogo, baadae ikipoa geji inashuka na wewe unasema kituo kile wezi. Hakuna aliyekuibia, ulilipia kilo zilizoingia. Mabasi ya kampuni yanayojazwa usiku kucha polepole yanapata gesi zaidi kwenye mtungi ule ule, kwa sababu joto linapata muda wa kutoka. Anayetaka foleni ipungue adai kompresa kubwa na vituo vingi, asidai ukaguzi ufutwe. Na abiria washuke jamani, wakati wa kujaza kila mtu ashuke gari lizimwe, huo ndio wakati mtungi unafika presha yake ya juu kabisa, kama una udhaifu ndio utaonyesha pale.

Hoja ya pili, wenye vituo watasema tutapoteza wateja, akikataliwa hapa ataenda kwa jirani. Ndio maana nasema iwe sheria kwa wote na sio hiari ya mwenye kituo mwema, kituo kimoja kikijaza bila kuangalia kinawaharibia wote. Na mwenye kituo afikirie, huo mtungi ukipasuka unapasukia kwake, kwenye pampu yake, mbele ya mhudumu wake anayelipwa mshahara mdogo na amesimama mita moja kutoka kwenye buti. Nikiongea na wahudumu hawa wengi wanataka hii sheria kuliko mtu mwingine yeyote, ila hawana nguvu ya kumwambia mteja hapana kama bosi hajawapa.

Hoja ya tatu ni stika feki. Hii ni ya kweli na lazima ijibiwe vizuri, stika peke yake haitoshi. Kila mtungi una namba yake iliyogongwa kiwandani, basi namba hiyo iandikishwe pamoja na namba ya gari, na mashine ya kujazia iwe na uwezo wa kusoma kadi au chipu iliyofungwa karibu na mdomo wa kujazia, ikikuta muda umeisha isifungue gesi. Teknolojia yenyewe ipo tayari na mifano ipo. Faida nyingine ya kuandikisha kwa namba ya mtungi ni kwamba inazuia ule mchezo wa kuazimana, gari linapelekwa kukaguliwa na mtungi mpya wa rafiki, likitoka unarudishwa ule wa zamani. Na mtungi uliotolewa kwenye gari lililopata ajali usiuzwe kwenye maduka ya vipuri vya mtumba kama taa au bampa, uende kwanza kwa mpimaji au ukakatwe.

Kwa mafundi wenzangu, ndugu zangu, na sisi tusijitoe. Mfumo mzuri sio mtungi tu. Regyuleta inayoshusha presha kutoka 200 mpaka 2 hivi inapata baridi kali sana gesi ikitanuka, ndio maana inaunganishwa na maji ya moto ya injini, na ndio maana gari linawaka kwa petroli kwanza mpaka maji yapate joto ndio linahamia kwenye gesi lenyewe. Kuna wateja wanataka uwashie gesi moja kwa moja wakati injini ya baridi ili waokoe zile tone za petroli, mkatalie, regyuleta itaganda na diaframu, ile raba nyembamba ya ndani yake, itachanika. Mwambie aache petroli kwenye tanki isiishe, pampu ya petroli inapozwa na petroli yenyewe, ikizunguka kavu inaungua. Plagi za gesi zinahitaji cheche yenye nguvu, plagi zilizochoka zinaleta misi na watu wanasema gesi mbaya. Nguvu ya injini itapungua kidogo, kama asilimia 10, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa kwenye silinda, mwambie ukweli kabla hajalipa. Na mwenye dizeli asidanganywe kwamba ni kufunga mtungi tu, dizeli haina plagi, kwa hiyo ama inaendelea kutumia dizeli kidogo ya kuwashia gesi au injini inafunguliwa yote, mgandamizo unapunguzwa na plagi zinawekwa. Mabomba ya presha kubwa yapite nje ya kabini yakae mbali na ekzosi, na kila kiungo kipakwe sabuni ya maji kionekane kama kinatoa povu. Kila kiungo, sio viwili vya mbele.

Na hilo la kuvuja lina upande mwingine ambao wenzetu wa mazingira wako sahihi kabisa kuusema. Methani ikitoroka bila kuungua inashika joto la dunia vibaya mno, kwa kipindi cha miaka 20 inapita kaboni dayoksaidi kwa zaidi ya mara 80 ukipima kilo kwa kilo. Maana yake ile faida ya moshi mdogo niliyoisema mwanzo inaweza kuliwa yote na viungo vinavyovuja, kuanzia kisimani, kwenye mabomba, kwenye kompresa mpaka kwenye gari. Kwa hiyo ukaguzi huu huu ninaoudai kwa ajili ya usalama ndio unaolinda na ile faida ya mazingira, fundi anayebana kiungo kisivuje anafanya kazi mbili kwa mara moja. Tena hata siku tukianza kutumia kwa wingi methani inayotokana na kinyesi na taka, kama Sweden ambako mabasi mengi yanatembea kwa gesi hiyo, mtungi ni ule ule, presha ile ile, na kipimo ni kile kile. Gesi iliyosafishwa vizuri haijui ilitoka ardhini au kwenye shimo la taka.

Imebaki hoja moja ambayo naisikia sana, kwamba ukimkataza mtu kujaza gesi unamuacha njiani, ana abiria, ana mgonjwa, ana mzigo. Karibu magari yote madogo yaliyobadilishwa yana tanki lake la petroli bado linafanya kazi. Pakistan iliwahi kuwa na magari ya gesi zaidi ya milioni 2, wakati ule walikuwa wanaongoza duniani, gesi ilipopungua vituo vikawa vinafungwa siku kadhaa kwa wiki na watu wenye petroli kwenye tanki waliendelea na safari zao, kwa gharama kubwa zaidi lakini walifika. Kwa hiyo mtu aliyekataliwa kwenye pampu hakatazwi kutembea, anabonyeza swichi, anarudi kwenye petroli, anaenda mpaka kwa mpimaji. Wanaobaki ni mabasi na malori yasiyo na petroli kabisa, hayo kampuni zake zina ratiba na zina karakana, zinajua miezi mingi kabla mtungi gani unamaliza muda lini, na kwa hayo naomba mamlaka zianze nayo kwanza, hata kabla ya magari binafsi, maana yanabeba mitungi mingi juu ya paa au chini ya sakafu na ndani wamekaa watu hamsini.

Wako,
Fundi wa mifumo ya gesi